Mafiga matatu ya kompyuta ya nyumbani



Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, kompyuta ya mezani imekuwa chombo cha riziki na cha elimu kwa wakati mmoja. Asubuhi mama huitumia kuchapa barua za wateja wake, alasiri kijana wa kidato cha sita huisomea, na usiku baba huandikia mahesabu ya duka. Chombo hicho kinapozima ghafla, nyumba nzima husimama. Hapo ndipo hukumu hutolewa kwa haraka: "Hii imekufa, nunueni nyingine."

Juma hili tumeona tuizungumzie hukumu hiyo, kwa sababu familia nyingi huipokea bila ya kuihoji, na gharama yake hutoka katika fedha ambazo zilikwisha kupangiwa kazi nyingine.

Neno tunalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: kompyuta ya mezani haifi yote kwa pamoja. Ni mkusanyiko wa viungo, na kila kiungo kina umri wake. Viko viungo vinavyoweza kubadilishwa kimoja kimoja bila ya kuvigusa vingine. Na viko vitatu ambavyo hukaa kama mafiga: ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi, prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote, na memori, ambayo mafundi huiita RAM. Sufuria haikai juu ya mafiga mawili marefu na moja fupi, na vitatu hivi navyo havina budi kulingana. Mwenye kuijua tofauti ya makundi haya mawili huokoa fedha zake. Asiyeijua huenda akanunua kifaa kizima na kipya, kisha kisiingie katika mashine yake.

Mwezi uliopita tulifikiwa na familia moja ya mtaani kwetu. Mama wa nyumba ile ana kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na shule. Kompyuta yake ilizima usiku mmoja ambao umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa. Fundi wa kwanza aliitazama kwa dakika chache, akasema ubao mama na prosesa vyote vimeungua, na kwamba shilingi 400,000 zingetosha kuvibadili. Mama alikuwa na shilingi 200,000, nazo zilikuwa za mahitaji ya shule ya muhula unaofuata. Kwa zile zilizopungua alikwisha kuanza mazungumzo na wakopeshaji wa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Hatuna haja ya kueleza uharamu wa riba kwa wasomaji wa gazeti hili, na madhara yake sote tumeyaona: watu wamenyang'anywa majokofu na vitanda kwa deni lililoanza dogo.

Ushauri tuliompa ulikuwa mmoja: asitoe hata shilingi ya kununulia kifaa mpaka ijulikane kwa yakini ni kiungo kipi kilichokufa.

Uchunguzi kabla ya ununuzi

Kompyuta mgonjwa huonyesha dalili, na dalili hizo zinasomeka. Tutaje zile zinazotokea mara nyingi.

Ya kwanza ni mashine isiyotoa uhai wowote: hakuna taa, hakuna feni inayozunguka. Hapa mtu aanze nje kabla ya kufungua kasha. Ajaribu soketi nyingine ya ukutani, waya mwingine, na aondoe ekstensheni. Ikiwa hali ni ileile, mtuhumiwa wa kwanza ni pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa viungo vingine. Hicho ndicho kinachopokea pigo la kwanza umeme unapopanda na kushuka.

Ya pili ni mashine inayowaka, feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi, na pengine ikatoa milio mifupi. Aghalabu tatizo huwa katika memori. Vijiti vya memori vitolewe, meno yake ya rangi ya dhahabu yapanguswe kwa upole kwa kitambaa laini kikavu, kisha virudishwe kwa kukandamizwa mpaka vishikwe barabara. Vikiwa viwili, kijaribiwe kimoja kimoja. Mashine nyingi zilizohukumiwa kifo zimeamka kwa kazi hii ya dakika 10 isiyo na gharama.

Ya tatu ni mashine inayowaka vizuri kisha ikazima yenyewe baada ya muda mfupi. Hiyo yumkini ni joto. Vumbi la barabara zetu hujaa katika feni na katika bamba la kupozea prosesa, na ile pesti inayopitisha joto baina ya prosesa na bamba hukauka kwa miaka. Kusafisha na kupaka pesti mpya ni gharama ndogo mno ukilinganisha na prosesa mpya.

Ya nne ni saa na tarehe kurudi nyuma kila mashine inapochomolewa katika umeme. Hapo imekwisha betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao mama, yenye nambari CR2032 na nguvu ya volti 3. Hupatikana hata katika maduka ya saa.

Ya tano ni mashine inayochukua dakika nyingi kuamka, inayokwama kila unapofungua faili, au inayotoa sauti ya kugongagonga ndani. Hiyo ni diski, na mwenye mashine aharakishe kunakili kazi zake mahali pengine kabla haijanyamaza kabisa.

Baada ya kuyapitia haya ndipo ubao mama utuhumiwe. Ukiutazama kwa tochi, huenda ukaona vikopo vidogo vya mviringo vilivyovimba vichwa au kuvuja, na hiyo ni alama ya wazi ya ubao uliochoka. Prosesa yenyewe hufa mara chache sana kuliko viungo vingine. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba prosesa imeungua ana haki ya kuuliza imejulikanaje.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kabla ya kugusa chochote ndani, waya wa umeme uchomolewe, na mtu aguse chuma cha kasha ili umeme mdogo ulio mwilini mwake utoke. Na kisanduku cha pawa saplai kisifunguliwe na yeyote nyumbani, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Tuongeze neno kuhusu mafundi. Mlipeni fundi kwa uchunguzi wake, hata kama hamtanunua kifaa kwake. Fundi anayelipwa kwa kuuza vifaa tu, kila ugonjwa kwake dawa yake itakuwa kifaa. Anayelipwa kwa kuchunguza ana nafasi ya kusema ukweli bila ya kupoteza chakula cha watoto wake.

Viungo vinavyojitegemea

Diski ni ya kwanza katika kundi hili. Diski za zamani zina sahani inayozunguka ndani yake, na kwa kawaida husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, na zile zinazotumia waya wa SATA hufika takribani megabaiti 550 kwa sekunde. Lakini faida yake kubwa haimo katika tarakimu hizo. SSD huokota faili ndogondogo zilizotawanyika kwa kasi ambayo sahani inayozunguka haiwezi kuikaribia, na kuwasha kompyuta ni kazi ya kuokota maelfu ya faili za namna hiyo. Ndiyo maana mashine ya miaka 10 iliyopita, ikiwekewa SSD, mwenyewe huidhani mpya. SSD ya SATA huingia katika karibu kila kompyuta ya mezani iliyotengenezwa katika miaka 15 iliyopita, na gigabaiti 240 au 256 zinatosha kwa kazi za nyumbani. Ziko pia SSD nyembamba kama ubao wa peremende, ziitwazo M.2. Hizo ni za aina mbili zinazofanana kwa sura, na mashine nyingi za zamani hazina nafasi yake, basi zisinunuliwe kwa kukisia.

Pawa saplai nayo, kwa kawaida, hubadilishwa peke yake. Kompyuta ya kuchapa na kusomea isiyo na kadi kubwa ya picha hula umeme kidogo, na pawa saplai ya kweli ya wati 300 inaitosheleza. Tumesema ya kweli kwa sababu zipo zinazoandikwa wati 500 ilhali ndani yake ni nyepesi kama kopo tupu. Uzito wa mkononi ni kipimo kizuri cha mwanzo. Na mwenye kununua pawa saplai iliyotumika kutoka nje atazame nyuma yake: baadhi zina kibonyezo chekundu chenye tarakimu 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa imewekwa kwenye 115, ikichomekwa kwetu huungua papo hapo.

Memori ina mguu mmoja katika kila kundi. Unaweza kuiongeza bila ya kubadili ubao wala prosesa, na kwa mwenye gigabaiti 4 kufika gigabaiti 8 ni nafuu kubwa. Lakini aina yake huamuliwa na ubao. Kijiti cha DDR3 kina pini 240, cha DDR4 kina pini 288, na cha DDR5 kina pini 288 pia lakini pengo lake limekatwa mahali pengine. Kimoja hakiingii katika nafasi ya kingine, na kukilazimisha ni kuvunja. Vilevile vijiti vifupi vya kompyuta mpakato havikai katika kompyuta ya mezani ya kawaida, ingawa zile ndogo sana zinazokaa nyuma ya kioo huvitumia. Aidha, tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye mashine za akili mnemba. Kwa hiyo kijiti kizima ulichonacho kitunze, hata kama ni kidogo.

Mafiga yenyewe

Tumefika kwenye vile vitatu. Prosesa hukaa katika soketi iliyo juu ya ubao mama, na soketi hubadilika kila baada ya vizazi vichache. Prosesa za Intel za kizazi cha 4, zilizotoka mwaka 2013, hukaa katika soketi LGA 1150. Za kizazi cha 6 na cha 7 hukaa katika LGA 1151. Za kizazi cha 8 na cha 9 nazo hukaa katika soketi ya jina hilohilo, lakini hazifanyi kazi katika mbao za kizazi cha 6 na cha 7. Hapa wengi wamepoteza fedha, kwa sababu prosesa huingia vizuri kabisa na kioo kikabaki cheusi. Za kizazi cha 10 na cha 11 ni LGA 1200, na za kizazi cha 12 hadi cha 14 ni LGA 1700.

Kizazi husomwa katika jina. Ukiona i5-4570, tarakimu ya mwanzo baada ya kistari ni 4, basi ni kizazi cha 4. Ukiona i5-8500 ni cha 8, na i5-10400 ni cha 10. Usidanganywe na neno i5 au i7 peke yake, kwa kuwa i7 ya kizazi cha 2 hushindwa na i3 ya vizazi vya karibuni katika kazi nyingi.

Kwa upande wa AMD hesabu ni nyepesi zaidi. Soketi AM4 imetumika kwa prosesa za Ryzen tangu mwaka 2017 na hutumia memori ya DDR4. Soketi AM5 ilitoka mwaka 2022 nayo hutumia DDR5 tu. Kwa mwenye fedha chache anayelazimika kununua mafiga yote matatu, AM4 ni njia nzuri, kwa sababu ubao mmoja hupokea prosesa za miaka mingi, baada ya programu yake ya ndani kusasishwa.

Iko herufi moja iliyowasumbua wengi, nayo ni F. Prosesa ya Intel inayoishia na F, mfano i5-10400F, haina uwezo wa kutoa picha yenyewe na huhitaji kadi ya picha ya pembeni. Huuzwa kwa bei ya chini kidogo, na mnunuzi hufurahi mpaka anapofika nyumbani. Prosesa nyingi za Ryzen zilizotoka kabla ya mfululizo wa 7000 nazo hazitoi picha, isipokuwa zile zenye herufi G.

Kutokana na haya, kanuni inajitokeza. Ubao mama ukifa, tafuta kwanza ubao mwingine wa soketi ileile na memori ileile, ili figa moja libadilike na mawili yabaki. Usipopatikana, utabadili yote matatu. Na ukifika hapo, simama upige hesabu upya: ikiwa bei ya vitatu hivyo imevuka nusu ya bei ya kasha zima lililotumika, lenye dhamana na linalowaka mbele ya macho yako, nunua kasha zima.

Mitego ya mashine za ofisi

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo na kwingineko kwa bei nafuu zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba: Dell OptiPlex, HP ProDesk na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na sisi hatuna kinyongo nazo. Lakini zina jambo ambalo mnunuzi wa vipuri ni lazima alijue: viungo vyake vingi vimekatwa kwa kipimo cha kampuni husika. Pawa saplai ya kawaida ya dukani ina kichwa cha waya chenye pini 24. OptiPlex 3020 na 9020 zinataka kichwa cha pini 8, na EliteDesk 800 G1 inataka cha pini 6. Umbo la kisanduku nalo hutofautiana, na ubao mama wake mara nyingi haukai katika kasha jingine.

Dawa ya mtego huu ni kununua kipuri kilichotoka katika mashine ya jina na nambari ileile. Viko pia vipande vya waya vya kuunganisha kichwa cha pini 24 na vile vichache, lakini kipande kiwe cha modeli hiyo hasa, kwa kuwa pini zikichanganywa ubao huungua.

Kompyuta ya yule mama ilikuwa ya jamii hii ya mashine za ofisi. Fundi wa pili, aliyelipwa kwa uchunguzi tu, aliazima pawa saplai kutoka mashine nyingine ya modeli ileile, akaichomeka, na kompyuta ikaamka. Ubao ulikuwa mzima, prosesa nzima, na memori nzima. Kilichokufa ni kile kisanduku cha umeme. Mama alinunua kilichotumika cha modeli hiyohiyo, akaongeza SSD, na fedha iliyobaki ilirudi kwenye mahitaji ya shule, ingawa haikurudi yote. Mazungumzo na wakopeshaji yakakoma. Tumelieleza tukio hili kwa idhini yake, bila ya kumtuhumu fundi wa kwanza kwa nia mbaya. Huenda alikosa kifaa cha kujaribia tu. Lakini tofauti ya uchunguzi mmoja na mwingine ilikuwa tofauti ya deni na kutokuwa na deni.

Fedha kidogo itumike wapi kwanza

Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Basi kabla ya kwenda dukani, andika mambo matano katika karatasi: jina na nambari ya kompyuta, jina kamili la prosesa, aina ya memori na ukubwa wake, aina ya diski, na kiwango cha fedha usichokivuka.

Kwa mashine inayofanya kazi lakini ni nzito, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, ya pili kwenye memori mpaka ifike gigabaiti 8, na ya tatu kwenye kinga ya umeme: stabilaiza nzuri au UPS. Usibadili prosesa katika mashine ya namna hii, kwa kuwa kwa kazi za kuchapa na kusoma hutaiona tofauti yake.

Kwa mashine iliyozima, mpangilio ni uchunguzi kwanza, kisha kipuri kilichokufa peke yake. Tamaa ya kusema "maadamu imefunguliwa tubadili na hiki" ndiyo inayomaliza fedha.

Na kwa mashine ambayo mafiga yake yamekwisha, nunua kasha zima, kisha hamishia humo diski yako, na memori yako ikiwa ni ya aina moja. Kasha hilo ambalo wengi wetu huliita CPU linaweza kununuliwa peke yake. Kioo, kibodi na maus ulivyonavyo vitaendelea.

Katika kuchagua kasha hilo, tazama mbele kidogo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, pamoja na mambo mengine, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi kwa mujibu wa orodha ya kampuni hiyo. Kwa hiyo ikiwa fedha inaruhusu, anza na kizazi cha 8. Ikiwa hairuhusu, mashine ya zamani haijawa takataka: Linux Mint ni mfumo wa bure unaofanya kazi vizuri katika mashine hizo, na ndani yake mna LibreOffice ya kuchapia na kupiga mahesabu. Ugeni wake huisha kwa majuma machache. Nayo ni halali bila ya kununua leseni, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya programu nyingi za wizi tunazowekewa mitaani.

Adabu ya sokoni

Nenda na kile kipuri cha zamani mkononi, au picha ya lebo yake katika simu. Omba kijaribiwe mbele yako. Kwa diski iliyotumika, muombe muuzaji afungue programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na huonyesha hali ya diski na saa ilizofanya kazi. Diski inayoahidi ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa iepuke, kwani ziko za bandia zilizofundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake, na faili za mwisho hupotea bila ya taarifa.

Maduka mengi yana kibao kisemacho mali ikishauzwa hairudishwi. Katika fiqhi ya biashara upo mlango uitwao hiari ya sharti: muuzaji na mnunuzi hukubaliana muda wa kukijaribu kitu kabla ya biashara kukamilika, na wanazuoni wa Kishafii wameuwekea ukomo wa siku 3. Siku 3 zinatosha kabisa kukijua kipuri cha kompyuta. Basi zungumzeni kabla ya kulipa, na makubaliano yaandikwe katika risiti pamoja na nambari ya kifaa. Na kwa ndugu zetu wafanyabiashara, ambao ni wasomaji wa ukurasa huu pia: aibu ya bidhaa unayoijua na mnunuzi haioni ni wajibu wako kuibainisha, hata kama kibao chako kipo ukutani.

La mwisho tumelichelewesha kwa makusudi ili lisisahaulike. Vipuri vyote tulivyovitaja hununuliwa. Matini ya mtihani, picha za marehemu babu na daftari la madeni ya duka havinunuliwi. Kabla ya fundi yeyote kuigusa mashine, nakala za vitu hivyo ziwe katika flashi au diski ya pembeni, na flashi hiyo isiachwe dukani. Mashine ikiwa haiwaki, mwambie fundi aitoe diski na kuisoma katika kompyuta nyingine mbele yako, kisha ukabidhiwe nakala. Ubao ukifa, aghalabu diski hubaki hai, na kazi yako imo ndani yake.

Wasomaji wenye maswali kuhusu mashine zao watuandikie, na wataje yale mambo matano ya daftari. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.